Mtoto wa Mwenye Kiwanda cha Vigae

Wengi wetu tunamjua Heike Kamerlingh Onnes kwa mstari mmoja wa daftari: 1911, zebaki, ukinzani sifuri. Mimi naona mzee huyu anastahili zaidi ya hapo.

Alizaliwa 1853 Groningen, Uholanzi. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vigae, yaani udongo wa kuchoma wa kuezekea. Mwaka 1882 akawa profesa Leiden, na kwa miaka zaidi ya 20 akajenga maabara ya baridi kali. Mwaka 1901 akaanzisha mafunzo ya mafundi wa vifaa na wapuliza vioo, maana bila fundi profesa anabaki na chaki tu.

Mwaka 1908 wakaifanya heliamu kuwa kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri. Miaka mitatu baadaye wakaona zebaki kwenye baridi hiyo inapitisha umeme bila kupoteza chochote. Aliyekaa kwenye kipimo ni Gilles Holst, aliyeendesha mtambo ni fundi Gerrit Flim. Nobel ya 1913 ina jina moja.

Onnes akaota sumaku kubwa. Akasuka koili ya risasi, ikagoma: nguvu ya sumaku yake yenyewe iliifuta hali ile. Akafa 1926, ndoto haijatimia.

Mwaka 1986 Bednorz na Müller wakaipata hali hiyo kwenye seramiki, unga uliochomwa tanuruni kama vigae vya baba yake! Mwaka uliofuata ikapatikana seramiki inayofanya kazi ndani ya nitrojeni kimiminika, ambayo ni rahisi zaidi kuliko heliamu.

Tatizo likawa kuunga. Fundi wa kuchomelea mageti hapa Mabatini anaunga chuma na maisha yanaendelea. Seramiki inavunjika kama chungu, na fuwele zake zisipoelekea upande mmoja, umeme unakwama kwenye kiungo. Kwa hiyo katikati ya vipande viwili huwekwa kipande chembamba cha seramiki ya jamii hiyohiyo, inayoyeyuka mapema kidogo. Kinayeyuka chenyewe, kisha kinapoozwa polepole sana ili fuwele zifuate mpangilio wa majirani.

Hiyo ni kazi ya mikono. Halafu sisi chuoni bado tunamcheka aliyekwenda VETA. Onnes asingecheka, angemwajiri.