Arnot, mmisionari wa kwanza wa Bunkeya: safari ya miaka 33 na faida aliyoiona nusu

Treni za shaba zinazotoka Kolwezi kuelekea bandari ya Lobito, nchini Angola, zinafuata upande uleule ambao misafara ya watu wa miguu ilipita zamani, ikibeba pembe za ndovu, shaba na watumwa hadi Benguela. Mwaka 1885, kijana mmoja wa Scotland aliingia katika njia hiyo kwa upande wa pili. Alitoka baharini kuja ndani, bila askari, na mali yake ilikuwa ndogo. Jina lake ni Frederick Stanley Arnot.

Hapa Lualaba wengi wanajua jina la Garenganze kwa sababu ya makanisa na shule. Aliyelileta jina hilo masikioni mwa Wakristo wa Ulaya ni huyo Arnot. Lakini mtu akihesabu waumini aliowapata wakati wa kukaa kwake Bunkeya, ataona kazi iliyoshindwa. Ndiyo maana maisha yake yanafaa kutazamwa tena, hasa na wale wanaouliza kama mtu anayeacha kwao kwa ajili ya Injili anapata kitu.

Arnot alizaliwa Glasgow mwezi wa Septemba 1858. Alipokuwa mtoto, familia yake iliishi Hamilton, mji ambako ilikaa pia familia ya David Livingstone. Alimsikia Livingstone mwenyewe akizungumza juu ya Afrika, akaweka moyoni kwamba siku moja atamfuata. Hakuwa mtu wa vyuo vikubwa. Alijifunza kazi za mikono, akajifunza pia matibabu kidogo. Kanisa lake, la Ndugu wa Plymouth, halikuwalipa wamisionari mshahara. Anayeondoka aliondoka kwa imani, akila kile ambacho marafiki watamtumia.

Mwaka 1881 alipanda meli hadi Natal, Afrika ya Kusini. Kutoka huko alipita jangwa la Kalahari, akafika kwa mfalme Lewanika wa Barotse, magharibi ya Zambia ya leo. Lewanika alimzuia karibu mwaka mmoja na nusu. Arnot alifundisha vijana wachache, aliugua homa mara nyingi, na ruhusa ya kuendelea mbele hakuipata. Mwaka 1884 aliondoka kuelekea magharibi pamoja na mfanyabiashara Mreno Silva Porto, akatokea Benguela mwezi wa Novemba. Miaka mitatu ilikuwa imepita, na mkononi hakuwa na kitu cha kuonyesha.

Katika nchi hiyo ya Angola ndipo alipopata habari kwamba Mwami Msiri wa Bunkeya anaomba wazungu waje kwake. Msiri alikuwa Mnyamwezi kutoka upande wa Tanzania ya leo. Pamoja na Bayeke wake alikuwa ameitawala nchi ya shaba kwa miaka thelathini hivi, akiuza hadi bahari zote mbili. Wazungu wengine, Wajerumani na Wareno, walikuwa wamepita Bunkeya muda mfupi mbele ya Arnot. Yeye alitaka kukaa.

Safari kutoka pwani ilizidi kilometa 1,500. Alipita Bihé, kisha Nana Candundo, akavuka Lualaba, na tarehe 14 Februari 1886 akaingia Bunkeya. Alikuwa na miaka 27.

Kuna jambo moja la Bunkeya ambalo Arnot alilibeba hadi mwisho. Alikuwa amekata shauri kwamba hatanunua mtumwa yeyote, hata kwa kumwokoa, kwa kuwa kununua ni kuipa nguvu biashara yenyewe. Watu wakaja na mtoto mdogo, wakitaka amnunue. Alikataa. Baadaye alisikia kwamba mtoto huyo, kwa kuwa hakuna aliyemtaka, alitupwa porini. Toka hapo alibadili mawazo, akaanza kupokea watoto yatima na waliokombolewa. Nyumba yake ikawa nyumba ya watoto. Ukitafuta kanisa la kwanza la wamisionari huko Garenganze, utakuta watoto ambao hakuna mtu aliyekuwa na haja nao.

Msiri kwa upande wake alipenda kuwa na mzungu wake karibu, kwa heshima na kwa faida ya siasa. Arnot hakuwa mjinga wa hilo. Alimshauri Mwami asikubali barua yoyote ya mapatano bila kutafsiriwa neno kwa neno. Mwezi wa Novemba 1890, Muingereza Alfred Sharpe alipokuja na mkataba, ulitafsiriwa mbele ya Msiri na mmisionari Charles Swan. Mwami alikasirika, akamrudisha Sharpe mikono mitupu. Katanga haikuwa ya Waingereza. Lakini ushauri huo haukumwokoa Msiri: tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa na Mfalme Leopold wa Pili.

Wakati huo Arnot hakuwapo. Swan na Mkanada William Faulknor walikuwa wamefika Desemba 1887, na yeye aliondoka mwanzoni mwa 1888, akarudi Uingereza baada ya miaka saba. Huko alipokelewa kama mtu mkubwa, akaandika kitabu juu ya Garenganze, akaheshimiwa na chama cha wanajiografia. Angeweza kubaki akila matunda ya sifa hiyo. Mwaka 1889 alimwoa Harriet Jane Fisher, na katika mwaka huohuo wakapanda meli pamoja na vijana waliojitolea. Baadhi yao walikufa kwa homa Angola mwanzoni kabisa, hata kazi haijaanza. Si kila aliyemfuata alipata faida ya kuhesabika, na ukweli huo haufai kufichwa.

Aliyebaki akazaa sana ni Dan Crawford, aliyeondoka kwao akiwa na miaka 18. Alifika Bunkeya 1890, akauona ufalme ukianguka. Watu waliotawanyika walimfuata hadi ziwa Mweru, ambako Luanza ilianzishwa, nao wakamwita Konga Vantu, yaani mkusanya watu. Alikaa miaka 22 bila kukanyaga kwao. Upande mwingine, daktari Walter Fisher, ndugu ya Harriet, alifungua hospitali ya Kalene Hill mwaka 1906, karibu na mpaka wa Lualaba na Zambia.

Mwaka 1894 Arnot mwenyewe alifika Mweru kwa njia ya Nyasa, akaona jinsi watu walivyokusanyika. Bila shaka hiyo ndiyo siku aliyokaribia zaidi kuona mshahara wake. Afya ilikuwa imeharibika, na mara nyingi alilazimika kurudi Ulaya au kukaa Afrika ya Kusini, lakini kila alipopata nguvu alirudi barabarani. Inahesabiwa kwamba katika Afrika alisafiri kilometa karibu 46,000, sehemu kubwa kwa miguu, kwa punda, kwa mtumbwi na kwa machela.

Alikufa Johannesburg mwezi wa Mei 1914, akiwa na miaka 55. Crawford aliendelea huko Luanza kutafsiri Biblia katika Kiluba-Sanga, moja ya lugha za watu ambao Arnot alikwenda kuwatafuta akiwa peke yake, hadi alipokufa naye mwezi wa Juni 1926.