Omukama Rumanyika, Wageni Wake na Waliowalisha

Kama kawaida ya kurasa hizi, kabla ya kuomba michango tunamkumbuka mtu mmoja aliyetutangulia. Safari hii ni mtu ambaye jina lake sote tunalo mdomoni, hasa tangu mwaka 2019 ilipotangazwa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, ila habari zake wengi wetu tunazijua nusunusu. Ni Rumanyika Orugundu, Omukama wa Karagwe. Mtatuwia radhi kama tutamtazama kwa jicho la daftari la mapato na matumizi. Mwaka huu kalamu imeshikishwa upande wa mweka hazina, na sisi huku mjini ndiyo kazi tunayoilia ugali.

Rumanyika alikuwa wa ukoo wa Abahinda, wazao wa Ruhinda, na makao yake yalikuwa Bweranyange. Nchi aliyoitawala ilizichukua wilaya zote mbili za leo na kupita. Mpaka wa Karagwe na Kyerwa uliochorwa mwaka 2012 yeye asingeuelewa hata kidogo, na tunasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu kila mwaka wapo wanaouliza kama chama hiki ni cha upande gani.

Baba yake aliitwa Ndagara. Alipofariki katika miaka ya 1850, watoto wake waligombea kiti. Habari iliyosimuliwa ikulu, na ambayo wageni waliiandika baadaye, ni kwamba mbele ya ndugu hao iliwekwa ngoma ndogo iliyofungwa dawa. Ngoma yenyewe ilikuwa nyepesi, lakini asiye na haki asingeweza kuiinua. Wenzake walishindwa. Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo.

Ngoma haikumaliza ugomvi. Ndugu yake, ambaye wageni waliliandika jina lake Rogero, alikusanya watu akapigana, na kilichomwokoa Rumanyika hakikutoka Bweranyange. Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa na makao Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, aliingilia kati kwa mali yake na kwa ushawishi aliokuwa nao hadi Buganda. Rogero akafukuzwa. Kwa lugha ya vitabu vyetu, kiti kilipatikana pamoja na deni, na mwenye kudai alikuwa mfanyabiashara. Anayetaka kuelewa kwa nini watu wa pwani walisikilizwa sana Karagwe miaka ile aanzie hapo. Ndugu mwingine aliyekuwa naye kwenye mashindano, Nnanaji, alipatana na Omukama akabaki ikulu, akawa anaketi kando yake wageni walipopokelewa. Kwa familia iliyokwisha kumwaga damu, hilo si jambo dogo.

Watu hao wa pwani walikaa Kafuro, karibu na makao ya Omukama lakini si ndani yake. Kabla hatujawa na Kayanga, kabla ya Omurushaka, Nkwenda na Rubwera, tulikuwa na Kafuro. Palikuwa na nyumba za wafanyabiashara Waarabu, ghala za vitambaa, shanga na nyaya za shaba, pembe za ndovu zikisubiri wapagazi, na watumwa. Hatutaliruka neno hilo la mwisho kwa sababu tu tunaandika kijitabu cha kujisifia nyumbani. Pembe na watu ndivyo vilivyotoka, vitambaa, shanga na bunduki ndivyo vilivyoingia. Nchi ilikuwa njia ya kwenda Buganda na Bunyoro, na Omukama alijua thamani ya njia.

Mwishoni mwa mwaka 1861 walifika Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Walikuwa wametoka kuteswa. Huko Rusubi, kusini mwetu, mtawala Suwarora aliwazuia na kuwatoza hongo juu ya hongo, vitambaa na waya, mpaka mizigo ikapungua vibaya. Walipovuka tu mpaka wa Karagwe, mjumbe wa Omukama aliwapokea na kuwajulisha kwamba hapa mgeni hatozwi kitu, na kwamba wakuu wa vijiji vyote njiani wameagizwa kuwapa chakula kwa gharama ya Omukama. Kondoo, kuku na viazi vikaja bila kupimwa. Mwezi Novemba walifika ikulu, na Rumanyika akawasalimia kwa Kiswahili kizuri, wakaelewana bila mkalimani. Tafadhali msome tena sentensi hiyo. Ni mwaka 1861, Bweranyange, na Omukama anaongea Kiswahili na Wazungu.

Walimkuta ni mtu mrefu, mpole wa sura, mwenye kuuliza maswali. Alitaka kujua kama jua linalochomoza leo ndilo la jana. Mwezi ulipoandama alikaa mbele ya ngoma nyingi za ukubwa mbalimbali, na wakuu wake wakaja mmoja mmoja kuapa utii, na asiyefika alijulikana. Upole wake ulikuwa na mwisho, kwani aliwaomba wageni hao dawa ya kumwua Rogero, ambaye bado alikuwa anamsumbua. Hawakuwa nayo. Walizungumza pia habari ya kuwachukua watoto wa ikulu wakasome Uingereza. Hawakwenda. Kila tunapofikiria ada za shule za watoto wetu tunajiuliza Karagwe ingekuwa wapi kama wangekwenda, ingawa huenda wangerudi hawajui kukamua ng'ombe.

Speke aliondoka Januari 1862 kwenda kwa Mutesa wa Buganda. Grant hakuweza kusimama. Mguu wake ulikuwa umevimba na kuoza, hivyo akabaki mikononi mwa Rumanyika mpaka Aprili, alipobebwa kwenye machela. Kwa miezi mitatu mgonjwa huyo na watu wake walikula, walitunzwa, na Omukama mwenyewe alimtembelea. Aliponyanyuka alikuwa hai. Kuna watu wamejengewa sanamu kwa mambo madogo kuliko hayo.

Wageni walilipaje? Vitabu walivyochapisha, cha Speke mwaka 1863 na cha Grant mwaka 1864, vinamsifu Rumanyika kuliko karibu mtawala mwingine yeyote waliyemkuta njiani. Lakini dunia haikuyakumbuka hayo. Ilikumbuka wake za ikulu walionenepeshwa kwa maziwa, kwa sababu Speke alimpima mmoja wao kwa kamba ya kupimia, akaandika mikono na mapaja kama mtu anayepima gunia. Lingine lilikuwa baya zaidi. Katika kitabu hichohicho Speke alijenga hoja kwamba wafugaji watawala wa nchi zetu ni taifa la kuja, lenye asili ya kaskazini mashariki, na hivyo ni bora kuliko wakulima. Hoja hiyo haikuwa na msingi, ila ilisafiri. Wakoloni waliichukua wakaifanya kanuni ya utawala, na majirani zetu wa ng'ambo ya Kagera walikuja kuilipa kwa damu. Mgeni alilishwa nyumbani kwetu, na hayo ndiyo aliyoondoka nayo.

Hapa ndipo jicho la hesabu linapokataa kutulia. Tumesema chakula kilitolewa kwa gharama ya Omukama. Omukama hakuwa na shamba la viazi linalotosha msafara wa watu wengi, wala kuku wale hawakutagiwa ikulu. Agizo lilitoka Bweranyange, na kikapu kilitoka kwa mkulima. Yule mama aliyechimba viazi akavibeba kichwani hadi kambini, mzee aliyefungua kondoo wake akamwona anakwenda, hao ndio walioulisha msafara mmojawapo mashuhuri wa karne ile. Majina ya Speke na Grant tunayo, jina la mjumbe wa mpakani lipo, hata la ndugu mwasi lipo. La mwenye viazi halipo popote. Sifa iliandikwa upande mmoja wa daftari na matumizi yakabebwa na watu ambao daftari haliwataji.

Hatusemi hivyo kumpunguzia Omukama heshima yake. Suwarora naye alikuwa na wakulima, na hakuwaagiza wamlishe mgeni. Ukarimu wa Rumanyika ulikuwa wa kweli na ulikuwa pia wa akili, kwa kuwa alihitaji marafiki wenye bunduki. Tunachosema ni kwamba ukarimu wa kiongozi una wachangiaji wake.

Mwaka 1876 alifika Henry Morton Stanley. Rumanyika alikuwa sasa mzee, bado mpole, bado mwenyeji. Stanley aliiteremsha mashua yake ziwani na Omukama akatoa mitumbwi, wakashindana. Aliongozwa kwenda kuona maji moto ya Mtagata, ambayo sisi tunaenda kuoga bila kuandika kitabu. Alionyeshwa pia nyumba ya hazina ya Abahinda, yenye sanamu za ng'ombe na ndege za chuma na shaba, mikuki na visu vilivyofuliwa kwa ustadi ambao mafundi wetu wa leo wangeuinamia. Hao wafua chuma nao hawana majina.

Stanley alipopita tena mwaka 1889, akitoka kumchukua Emin Pasha, Rumanyika alikuwa amekwisha kufariki na nyumba yake ilikuwa imejiangamiza. Wanawe walikuwa wameuana wakigombea kiti, na aliyeshika nchi alikuwa kijana aliyebeba jina la baba wa Rumanyika, Ndagara. Sotoka ikaja ikafagia ng'ombe, Wajerumani wakafuata. Karagwe iliyokuwa njia kuu ikawa pembezoni. Mambo haya Israel Katoke ameyaeleza kwa kirefu katika kitabu chake cha historia ya Abanyambo cha mwaka 1975, na tungependa nakala iwepo katika kila shule ya sekondari ya wilaya zetu mbili. Utawala wa machifu ulifutwa nchini mwaka 1963.

Wageni hawakufutwa. Wengi wetu tulikuwa vijana wadogo mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipovuka mto Kagera kwa maelfu. Tunakumbuka barabara ilivyojaa magodoro na mbuzi. Magari ya mashirika yalikuja baadaye. Siku za kwanza watu walilala kwenye migomba yetu na walikula kutoka kwenye vyungu vya mama zetu. Kambi zilipofungwa mwishoni mwa 1996, kuni zilikuwa mbali na vijito vingine havikuwa vile vya zamani. Ripoti zilizotoka zilitaja wafadhili, kiasi na fedha za nchi gani. Mgomba wa mama hauna stakabadhi.

Tumelieleza hili kwa urefu kwa sababu mwaka jana sisi wenyewe tulifanya kosa lilelile. Katika kijitabu kilichopita tulichapisha orodha ya waliochangia bweni la wasichana, jina kwa jina, shilingi kwa shilingi, kuanzia aliyetoa kikubwa. Karibu wote walikuwa watu wa Dar es Salaam, Mwanza na nje ya nchi. Tulipokwenda nyumbani kukabidhi, mzee mmoja alitushika mkono pembeni, kwa adabu kabisa, akatuuliza mawe ya msingi yalitoka Dar es Salaam ipi. Tulinyamaza. Yeye na wanakijiji wenzake walikuwa wamesomba mawe, mchanga na maji kwa wiki kadhaa, na kwenye taarifa yetu kazi yao ilikuwa imewekwa ndani ya maneno matatu, nguvu za wananchi, bila tarakimu wala jina.

Wapo wenzetu kwenye kamati wanaosema kwamba ukianza kuhesabu mawe ya watu unageuza moyo wa kujitolea kuwa madai, na kwamba mtu wa kijijini hatoi ili aandikwe. Tumewasikiliza. Lakini mtu wa mjini naye huwa anasema hivyohivyo, kisha anapiga simu siku ya pili kuuliza kwa nini jina lake limekosewa herufi. Tulipigiwa simu kumi na moja.

Kwa hiyo, kwenye jedwali la ukurasa wa nyuma mtaona safu mpya karibu na ile ya fedha taslimu na ya ahadi. Ni ya vifaa na siku za kazi. Tumekubaliana siku moja ya kazi ihesabiwe kwa bei ya kibarua wa palepale kijijini, na tripu ya mawe au mchanga kwa bei ya fundi anayejenga. Madaftari ya mistari yatapelekwa kwa wenyeviti wa vitongoji pamoja na kalamu. Tunaomba majina yaandikwe kamili, la mama liandikwe kama la mama na si chini ya jina la mumewe, na yarudi kwa mweka hazina wiki mbili kabla ya siku ya harambee. Jina la yule mzee tumekwisha kuliweka, mstari wa kwanza wa daftari la kwanza, pamoja na tripu zake za mwaka jana.