Emmy Noether, mwanamke aliyefundisha miaka bila hata senti

Juzi kijana wa jirani, yuko kidato cha nne, alinipata kwa kibanda cha kuchaji simu hapa Awendo akiwa na daftari mkononi. Trekta za miwa zinapita kuelekea kiwandani, vumbi kila mahali, yeye hajali, ameshikilia swali lake. Wamefunzwa diferensiesheni. Ukianza na x³ unapata 3x², halafu 6x, halafu 6, halafu sifuri. Imeisha. Sasa alikuwa amejaribu 1/x, akaendelea, akaendelea, mpaka akajaza ukurasa mzima. Alitaka nimwonyeshe amekosea wapi.

Hakuwa amekosea. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokata, kwa hivyo sijifanyi profesa. Lakini kuna mwanamke mmoja niliyemsoma sana siku zile, na kazi yake kubwa ilikuwa kuuliza swali la aina hiyo: hii kitu inaisha ama haiishi?

Emmy Noether alizaliwa tarehe 23 Machi 1882 mjini Erlangen, Ujerumani, kwa familia ya Kiyahudi. Babake, Max, alikuwa profesa wa hesabu. Msichana mwenyewe alisomea kwanza Kifaransa na Kiingereza, akapita mtihani wa ualimu mwaka wa 1900, kisha akageuka ghafla akataka hesabu. Shida ni kwamba chuo hakikuwa kinasajili wanawake. Ungeweza kuketi darasani ukisikiliza, lakini lazima uombe ruhusa ya kila mwalimu. Ilibidi asubiri hadi 1904 ndipo Erlangen ikamwandikisha kama mwanafunzi kamili.

Mwaka wa 1907 akapata udaktari chini ya Paul Gordan, mzee aliyependa kukokotoa mpaka karatasi ziishe. Ndani ya tasnifu hiyo Emmy aliorodhesha fomula zaidi ya 300, zote za vitu ambavyo havibadiliki hata ukigeuzageuza vigezo. Kazi ya punda. Baadaye yeye mwenyewe aliidharau kabisa, akaiona takataka. Hapo ndipo mimi nilimpenda. Watu wangapi wanaweza kutupa cheti chao roho safi?

Kati ya 1908 na 1915 alifundisha Erlangen bila mshahara. Miaka saba. Babake akiugua, yeye ndiye anaingia darasani. Kisha David Hilbert na Felix Klein, majina makubwa ya wakati huo, wakamwita Göttingen. Wenzao wa historia na lugha wakakataa apewe kibali cha kufundisha: wanajeshi wakirudi kutoka vitani watasemaje wakikuta wanafunzwa na mwanamke? Hilbert akawajibu kwamba chuo si bafu la watu kuogea. Hawakusikia. Basi masomo yakawa yanatangazwa kwa jina la Hilbert, Emmy ametajwa kama msaidizi, na anayeshika chaki ni Emmy.

Katika hali hiyo, mwaka wa 1918, akatoa ile teoremu ambayo wanafizikia hawaachi kuitumia: kila ulinganifu unaoendelea katika sheria za maumbile huja na kitu kinachohifadhiwa. Kama sheria ni zile zile leo na kesho, basi nishati haipotei. Aliyeiwasilisha mbele ya chama cha wanasayansi pale Göttingen ni Klein, manake Emmy hakuwa mwanachama. Kibali chake kilikuja 1919. Malipo, tena kidogo, yakaja 1923. Alikuwa na miaka 41.

Sasa turudi kwa daftari. Mwaka wa 1921 alichapisha makala kuhusu ringi. Ringi ni mkusanyiko ambao ukijumlisha, ukitoa au ukizidisha vitu vyake, jibu linabaki humo humo. Ringi komutativu ni ile ambayo 3 mara 5 na 5 mara 3 ni kitu kimoja. Ndani yake kuna sehemu zinazoitwa ideali: ukizidisha kitu cha ideali na chochote cha ringi, hutoki nje ya ideali. Emmy akauliza: nikipanga ideali, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia, je, mlolongo huo lazima usimame? Ringi ambazo lazima usimame leo zinabeba jina lake. Hakukokotoa fomula 300. Aliuliza kama mambo yanafika mwisho, na kutoka hapo teoremu zikafuatana.

Wanaume waliokuwa wakikaa mbele yake darasani ndio waliosambaza mtindo huo. Mmoja, van der Waerden, aliuweka kwa kitabu cha aljebra kilichosomwa dunia nzima.

Mwaka wa 1933 Wanazi wakamfukuza kazi. Akaendelea kufundisha nyumbani kwake, na mwanafunzi mmoja alipokuja na sare za Kinazi, Emmy hakutetemeka, alicheka tu. Mwisho wa mwaka huo akahamia chuo cha wasichana cha Bryn Mawr, Marekani. Alifariki tarehe 14 Aprili 1935, siku chache baada ya upasuaji, akiwa na miaka 53. Kakake Fritz, naye mwanahesabu, alikimbilia Urusi. Huko walimuua 1941.

Swali la kijana Emmy hakulifikia mwenyewe, lilikuja kwa waliomfuata. Chukua mtambo wowote unaofuata kanuni zile zile za diferensiesheni, halafu udai kwamba kila kitu cha ringi kikipitishwa mara za kutosha lazima kifike sifuri. Kwa polinomia za kawaida mtambo huo upo. Lakini ongeza 1/x humo na mambo yanakwama. Hatua ambazo kitu huvuka kabla ya ile ya kufa hujumlishana ukizidisha vitu viwili. Sasa x mara 1/x ni 1, na 1 hufa mara moja, kwa hivyo x na 1/x pia lazima zife mara moja. Mtambo pekee unaobaki ni ule usiofanya kazi yoyote. Ringi kama hiyo imekakamaa. Miaka ya 1990 Leonid Makar-Limanov alitumia ukakamavu wa namna hii kuonyesha kwamba umbo fulani lililofanana sana na nafasi ya kawaida ya vipimo vitatu halikuwa hiyo nafasi.

Nilimwambia kijana 1/x yake haitafika sifuri leo wala kesho. Akaandika. Kisha akaniuliza kama hii itatoka kwa mtihani wa KCSE.

Haitoki.