Huey Long na Deni la Wanyonge

Mwezi wa Septemba, mwaka 1935, watu wanaokisiwa kufika karibu laki mbili walimiminika katika mji wa Baton Rouge, makao makuu ya jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Wengi wao walikuwa wakulima maskini na vibarua. Walikuja kumzika Huey Long, aliyekuwa gavana wao na kisha seneta wao, aliyekufa kwa risasi akiwa na umri wa miaka 42 tu. Kwa muda mrefu wapinzani wake walikuwa wakimwita dikteta, na kwa kweli hawakukosea. Walakini watu wale walilia kama watoto waliofiwa na baba.

Yatupasa tuulize walikuwa wakimlilia nini. Jibu jepesi ni kwamba walikuwa wajinga, ati walirogwa na ulimi mtamu. Jibu hilo tumelisikia mara nyingi likitolewa juu ya watu wengi, na aghalabu hutolewa na wale ambao hawajapata kukosa kitu maishani mwao. Sisi hatulikubali. Mtu akitaka kujua kwa nini wafuasi humshikilia kiongozi wa namna ile hata anapowaumiza, na atazame kwanza walipewa nini, na nani aliwahi kuwapa kabla yake.

Huey Long alizaliwa mwaka 1893 huko Winnfield, katika wilaya ya Winn, penye ardhi duni na misitu ya misonobari. Kwao hakukuwa na ufukara mkubwa kama alivyopenda kusimulia baadaye, lakini ufukara aliuona kila upande. Akiwa kijana alifanya kazi ya uchuuzi, akizunguka nyumba kwa nyumba kuuza mafuta ya kupikia. Kazi hiyo ilimfundisha kuingia kwa mtu asiyemjua, kuketi jikoni kwake, na kuondoka akiwa ameaminiwa. Baadaye alisoma sheria kwa muda usiotimia mwaka mmoja katika chuo kikuu cha Tulane, akafanya mtihani mwaka 1915 na kufaulu. Mwaka 1918, akiwa na miaka 25, alichaguliwa kuingia katika tume ya kusimamia reli na makampuni ya huduma, na humo akaanza kupambana na kampuni ya simu na kampuni kubwa ya mafuta, Standard Oil.

Louisiana ya wakati ule ilikuwa mikononi mwa wenye mashamba makubwa, wenye makampuni, na kikundi cha wanasiasa wa mji wa New Orleans waliojua namna ya kuzigawana kura kabla hazijapigwa. Walikuwa waungwana wenye adabu, na katiba ilikuwa midomoni mwao kila siku. Lakini hadi mwaka 1928 jimbo zima lilikuwa na barabara ngumu zisizozidi sana maili 300. Zilizobaki zilikuwa tope. Juu ya mto Mississippi, unaolipasua jimbo lile, hapakuwa na daraja hata moja. Watu wazima wasiojua kusoma walikuwa wengi kupita karibu majimbo yote ya nchi ile. Mtoto wa shule alinunuliwa vitabu na mzazi wake, na mzazi asiyekuwa na fedha alijua la kufanya.

Mwaka 1924 Huey aligombea ugavana akashindwa. Mwaka 1928 aligombea tena akashinda. Hakukawia. Watoto wa shule walipewa vitabu bure, wa shule za serikali na wa shule za Kanisa pia, jambo lililopelekwa hadi Mahakama Kuu ya Marekani na kukubaliwa huko mwaka 1930. Maelfu ya maili ya barabara yalijengwa. Madarasa ya usiku yalifunguliwa kwa watu wazima, na wazee waliokuwa wakitia dole gumba walijifunza kuandika majina yao. Chuo kikuu cha jimbo kilipanuliwa na kupewa shule ya udaktari.

Tufikiri sasa juu ya mkulima mwenye watoto watano, ambaye baba yake na babu yake walipiga kura miaka na miaka wasipate chochote. Leo anaona kitabu mkononi mwa mtoto wake, na njia anayoweza kupita wakati wa mvua. Mtu huyo ana deni moyoni, na deni la namna hiyo halilipwi kwa hotuba moja ya mpinzani aliyevaa suti nzuri.

Mwaka 1929 Huey alitaka kutoza kodi ya senti tano kwa kila pipa la mafuta linalosafishwa katika jimbo. Hapo wakubwa walisimama. Baraza la Wawakilishi lilimshtaki ili avuliwe ugavana, na mashtaka yalikuwa mengi, mengine ya upuuzi na mengine yenye ukweli mtupu, kama vile kuwahonga wabunge na kuchezea fedha za umma. Kesi ilipofika katika Seneti ya jimbo, maseneta 15 kati ya 39 walitia sahihi zao katika hati moja kusema kwamba hawatamhukumu, hata ushahidi uwe namna gani. Kwa kuwa ilihitajika theluthi mbili, kesi ilikufa papo hapo. Baadaye wengi wa wale 15 walipata vyeo na neema.

Twaona kwamba siku ile ndiyo iliyoharibu mambo kwa pande zote mbili. Huey aliona kwamba sheria yaweza kununuliwa, naye akaamua kuwa mnunuzi mkubwa kupita wote. Wafuasi wake, kwa upande wao, waliona kwamba waliotaka kumwondoa ni wale wale ambao kodi ingewagusa. Tangu siku ile kila shutuma iliyotolewa juu yake, iwe ya kweli au ya uongo, ilisikika kwao kama imetoka katika kinywa cha Standard Oil. Wapinzani walikuwa wameitumia haki kwa ajili ya pipa la mafuta. Walipoihitaji kwa ajili ya haki yenyewe, hakuna aliyewaamini.

Ndipo deni likaanza kudaiwa. Kila mtumishi wa serikali ya jimbo alikatwa sehemu ya mshahara wake, mara nyingi asilimia kati ya tano na kumi, na fedha hizo zikaingia katika kasha la Huey. Hakulificha jambo hilo. Alijitetea kwamba ni afadhali siasa yake igharimiwe na watu wadogo kuliko makampuni. Mwaka 1930 alianzisha gazeti lake mwenyewe, na watumishi wakalazimika kulinunua na kuliuza. Aliyekataa alipoteza kazi, na mara nyingine ndugu zake pia walipoteza zao.

Hapa hatuwezi kupita mbio. Tunayaandika haya katika gazeti la chama, na wengi wanaotusoma ni wanachama walipao ada na wafanyakazi waishio kwa mshahara. Ada anayotoa mtu kwa hiari yake yaweza pia kuzuiwa naye siku asiporidhika, na viongozi wakalisikia pengo lake. Fedha inayokatwa kabla haijafika mkononi haina sauti. Vivyo hivyo gazeti linalonunuliwa kwa hofu halina njia ya kujua limepotoka lini, kwa maana mauzo yake ni yale yale likisema kweli na likisema uongo. Gazeti la Huey lilimsifu mpaka siku yake ya mwisho.

Mwaka 1930 alichaguliwa kuwa seneta wa Marekani, lakini hakwenda Washington mpaka Januari 1932, maana hakutaka kuuacha ugavana kabla ya kupata mtu wa kumwachia. Alimpata katika Oscar Allen, rafiki yake wa tangu Winnfield, aliyetia sahihi alichoambiwa. Huey akaitawala Louisiana akiwa hana cheo chochote ndani yake. Alijenga jumba jipya la serikali, lenye orofa 34, na humo alikuwa akitembea kati ya viti vya wabunge akiwaonyesha namna ya kupiga kura. Katika miaka ya 1934 na 1935 miswada ilipitishwa kwa makumi, mingine kwa dakika chache tu, wengi wasijue hata kilichoandikwa ndani. Polisi wa miji, wasimamizi wa uchaguzi, hata ajira za walimu, vyote viliingizwa chini ya mabaraza aliyoyashika yeye. Wanafunzi wa chuo kikuu walipochapa katika gazeti lao barua ya kumlaumu, lilizuiwa, na saba kati yao wakafukuzwa.

Katika mwaka huo huo wa 1934 alifanya mambo mawili yanayomwonyesha mtu huyu kamili. Aliondoa kodi ya dola moja kwa mwaka ambayo mtu alipaswa kuilipa ndipo apige kura, na maskini wengi Weupe wakaingia katika daftari kwa mara ya kwanza. Watu Weusi walibaki nje, wakizuiliwa kwa hila nyingine ambazo Huey hakuzigusa, ingawa watoto wao walipata vitabu na wazee wao madarasa. Jambo la pili, aliweka kodi ya asilimia mbili juu ya mapato ya matangazo ya magazeti yanayouza nakala zaidi ya 20,000 kwa juma. Magazeti makubwa karibu yote yalikuwa yakimpinga. Mkono mmoja ulimpa maskini kura. Mkono wa pili ulitaka kumziba macho asijue aipigie nini.

Kwa wakati ule jina lake lilikuwa limevuka mipaka ya jimbo. Chama chake cha kugawana utajiri, alichokianzisha Februari 1934, kilijidai kuwa na wanachama zaidi ya milioni saba nchini, na Rais Roosevelt mwenyewe alikuwa akimtazama kwa wasiwasi. Kisha, tarehe 8 Septemba, 1935, katika ukumbi wa jumba lile lile alilolijenga, alipigwa risasi. Aliyetajwa kuwa muuaji ni Carl Weiss, daktari kijana, mkwe wa jaji ambaye Huey alitaka kumwondoa kitini kwa kubadili mipaka ya wilaya yake. Walinzi walimwua daktari huyo papo hapo, na wako wanaobisha hadi leo kama risasi iliyomwua Huey ilitoka kwake au kwa walinzi wenyewe. Huey alifariki tarehe 10.

Kama wako waliodhani kwamba risasi imeirudisha demokrasia Louisiana, hawakungoja sana kujua kosa lao. Uchaguzi wa Januari 1936 ulichukuliwa na watu wake kwa wingi mkubwa wa kura. Kaburi lilimfanya asiwe na kosa tena. Na hao waliomrithi, wakiongozwa na gavana Richard Leche, walikuwa na uroho ambao yeye hakuwa nao. Huey alipenda mamlaka kuliko fedha. Wao walipenda fedha, na mamlaka waliyakuta yamekwisha tayarishwa, hayana mlinzi wala mkaguzi.

Kilichowaangusha hakikuwa kishujaa. Mwezi wa Februari 1936 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kauli moja ya majaji wote, iliifuta ile kodi ya magazeti. Watu wachache walishangilia. Ilionekana ni shauri la matajiri wenye mitambo ya kuchapia. Miaka mitatu ikapita. Mwezi wa Juni 1939 gazeti moja la New Orleans likachapa picha ya lori la chuo kikuu cha jimbo likishusha fremu za madirisha katika nyumba ya mtu binafsi. Madirisha tu! Lakini kila mtu alijua bei ya dirisha. Hotuba juu ya katiba hazikuwa zimemgusa mkulima. Picha hii aliielewa bila kufasiriwa. Gavana Leche akajiuzulu mwezi huo huo. Mkuu wa chuo kikuu, aliyekopa fedha kwa jina la chuo na kuzicheza katika soko la ngano, alikimbilia Canada, akarudishwa na kufungwa. Leche mwenyewe, katika mashauri yaliyofuata, alihukumiwa mwaka 1940 kifungo cha miaka kumi.

Mwaka huo huo wakili mmoja aitwaye Sam Jones alimshinda Earl Long, mdogo wake Huey, katika uchaguzi wa ugavana. Alishinda kwa tofauti ndogo. Baada ya yote yaliyofichuliwa mahakamani, karibu nusu ya wapiga kura bado walilishikilia jina la Long, nasi hatuoni ajabu. Jones alielewa somo lile kuliko waungwana waliomtangulia: vitabu vya bure hakuvigusa. Alitunga sheria ya utumishi wa serikali, ili karani na mtengeneza barabara waajiriwe kwa kufaulu mtihani, wala wasifukuzwe wala kukatwa mshahara kwa sababu ya siasa.

Mwaka 1948 Earl Long alirudi, akachaguliwa gavana kwa kura nyingi, na sheria ile ikafutwa. Mwaka 1952, baada ya kipindi chake, wananchi wa Louisiana waliirudisha, na safari hii waliiandika ndani ya katiba ya jimbo, ili gavana ajaye asiweze kuiondoa kwa kura za wabunge peke yao. Earl alichaguliwa tena mwaka 1956. Aliikuta pale.