Mwenyeheri Sára Salkaházi: aliyeingia mlangoni

Sára Salkaházi alizaliwa mwaka 1899 mjini Kassa, ambao leo ni Košice nchini Slovakia. Alikuwa mwalimu na mwandishi wa habari kabla ya kujiunga na Masista wa Huduma ya Jamii mwaka 1929.

Mwaka 1944 majeshi ya Wanazi yaliikalia Hungaria, na Wayahudi kwa maelfu wakapelekwa kuuawa. Mjini Budapest, Sista Sára aliwaficha katika nyumba za wasichana wafanyakazi alizozisimamia. Yeye mwenyewe aliwaokoa watu wapatao 100.

Tarehe 27 Desemba, baada ya nyumba mojawapo kusalitiwa, wanamgambo wa Kihungaria waliivamia. Sista hakuwamo. Aliporudi aliwaona, na angaliweza kupita kana kwamba hahusiki. Aliingia. Siku hiyo hiyo alipigwa risasi kando ya mto Danube pamoja na waliokamatwa humo. Mwili wake haukupatikana.

Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri mwaka 2006. Aliowafia hawakuwa waumini wenzake, bali jirani zake. Nasi tunaouliza kwanza dini au kabila la anayebisha hodi, tumwombe atuombee, tujifunze kufungua kabla ya kuuliza.