Wakunga wa Namirembe

Februari 1897 msafara wa wamishonari wa Kianglikana uliingia Mengo, Buganda, baada ya safari ndefu ya miguu kutoka pwani. Miongoni mwao alikuwamo muuguzi Mwingereza, Katharine Timpson. Mwaka 1900 aliolewa na daktari wa msafara huo, Albert Cook, na kwa miaka mingi akasimamia wauguzi wa Hospitali ya Mengo. Lakini kazi yake kubwa zaidi haikuwa hiyo.

Hospitali ilijaa, na bado watoto wachanga walikufa vijijini. Mama aliyeshikwa na uchungu mbali na Mengo hakufikishwa kwa wakati. Hata mtoto aliyezaliwa salama aliweza kupotea ndani ya wiki chache, kwa kitovu kilichooza, malaria au kuhara. Kungoja wodini hakukutosha. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Katharine alianza kuwafundisha ukunga mabinti wa nchi ile ile, na mwaka 1921 shule yao ikafunguliwa Namirembe. Waliohitimu walitumwa kwenye vituo vya vijijini. Huko walimpima mama mjamzito, wakamzalisha, kisha wakafuatilia mtoto anavyonyonya na kukua. Shifra na Pua (Kutoka 1:15-21) wangewatambua mara moja.

Katharine alifariki mwaka 1938. Wakunga wake walikuwa bado vituoni.

Kwa mjadala: Huko Shinyanga na Geita, mama wa kijijini au wa machimboni akijifungua mbali na zahanati, ni nani katika kanisa lenu humtembelea wiki ya kwanza?