Avogadro na Namba Aliyoachiwa

Kila tunapogeuza gramu kuwa atomi twalitaja jina la Avogadro. Je, mwamjua?

Amedeo Avogadro alizaliwa mjini Turin, Italia, mwaka wa 1776. Alisomea sheria kama babake, lakini sayansi ikamvuta, akawa mwalimu wa fizikia. Mwaka wa 1811 alieleza kwamba gesi mbili zenye ujazo sawa, joto sawa na presha sawa zina molekuli idadi moja. Wapi! Wanakemia wengi hawakumjali. Alifariki mwaka wa 1856 akiwa bado hajasadikiwa. Mwaka wa 1860 Mwitalia mwenzake, Cannizzaro, alimtetea katika mkutano wa Karlsruhe, Ujerumani, na wengi wakaanza kukubali.

Ile namba, yaani takriban 602 ikifuatwa na sufuri 21, mwenyewe hakuijua. Mfaransa Perrin ndiye aliyeipa jina lake mwaka wa 1909. Ukipewa gramu 24 za kaboni, gawanya kwa gramu 12 za kila moli. Gramu zakatana, wabaki na moli 2. Zidisha kwa namba hiyo. Moli nazo zakatana, zabaki atomi tu.

Kweli wahenga hawakukosea: kawia ufike.